Maziwa hayaondoi vumbi la mbao kifuani

SWALI: Naendesha mashine ya randa kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Mara nyingi ni paini, siku nyingine milingoti. Tunavaa barakoa za kitambaa, na jioni bosi anatugawia maziwa ya kusafisha kifua. Nakohoa sana, ila nikipumzika napata nafuu. Je, maziwa yanatosha?
Msomaji, Mufindi

JIBU: Maziwa kunywa, ni chakula kizuri, lakini yanaishia tumboni, vumbi limo mapafuni. Kikohozi kinachotulia siku za mapumziko na kurudi ukianza kazi huenda ni pumu inayoletwa na kazi. Nenda hospitali, na umtajie daktari mashine unayoendesha, la sivyo utarudi na dawa ya mafua.

Maranda yanayokujaa miguuni si hatari kubwa. Hatari ni ule unga laini unaoonekana tu jua likipenya kwenye tundu la bati. Tangu 1995, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani, hasa ya pua, na ushahidi ni mzito zaidi kwa miti ya majani mapana, milingoti ikiwemo.

Dawa ni kulinyonya vumbi pale pale linapozalishwa. Hapo ndipo viwanda vingi hukosea: feni ya kunyonya ipo, ila mdomo wa bomba lake uko mbali. Bomba la inchi 6 likikaa inchi 6 kutoka kwenye kisu, nguvu ya kunyonya hubaki kama sehemu moja ya kumi ya ile ya mdomoni. Lisogezeni, mlizungushie bati. Ndani ya bomba hewa iende mita 20 hivi kwa sekunde. Ikipungua, maranda hutuama na kuziba kwenye kona. Mfuko wa kukusanyia ukae nje ya banda. Visu vinolewe pia, kwani kisu butu husaga badala ya kukata.

Kujipuliza nguo kwa kompresa, acheni leo hii! Unga uliokwisha kutua unarudi hewani. Futeni kwa kitambaa kibichi.

Barakoa ya kitambaa haizuii unga huo. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, aina ya FFP2 au N95, mikanda yote miwili, chuma kibane pua, ndevu zinyolewe, maana hewa hupita palipo na upenyo. Gharama ni ya mwajiri, si yako.

Na mkiletewa vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa ya kijani, msivirande wala kuvichomea chai. Dawa hiyo kwa kawaida ina aseniki na kromiamu, ambazo ni sumu.