"Hostingi bila kikomo" na domeni ya bure: nimsikilize fundi yupi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nafungua duka la nguo za watoto mtandaoni, bidhaa kama 300, kwa kutumia WordPress na WooCommerce (programu za kujengea tovuti na duka). Fundi mmoja ananipa hostingi (nafasi ya kuweka tovuti kwenye seva, kompyuta iliyo hewani muda wote) "bila kikomo" kwa malipo ya mwaka mzima, domeni (jina la tovuti) bure, na kila kitu atashughulikia yeye. Fundi mwingine anasema hiyo haifai, nichukue VPS, yaani sehemu ya seva iliyotengwa kwa ajili yangu peke yangu. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, wa VPS mweke pembeni kwanza. Ukichukua VPS tupu, msimamizi wa seva ni wewe: masasisho, ulinzi, na kuamka usiku ikizima. Duka linaloanza halihitaji mzigo huo. Hostingi ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hugawana seva moja, kwenye kampuni yenye sifa, seva zake zikiwa karibu na walipo wanunuzi wako, inatosha. Ukikua utahama.

Sasa huyo wa "bila kikomo". Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na kila nikiyasikia najua kuna mtu ameuziwa kitu ambacho hakikuwa na uhaba tangu mwanzo. Piga hesabu mwenyewe. Bidhaa 300, kila moja picha nne, ni picha 1,200. WordPress na WooCommerce hukata kila picha kwa saizi mbalimbali, kwa hiyo picha moja inazaa mafaili yanayokaribia kumi. Pamoja na hayo, ukizipunguza uzito kabla ya kuzipandisha, zote ni kama GB 2. Nafasi hiyo utaipata hata kwenye kifurushi cha chini kabisa.

Kinachobanwa ni kingine, na kwenye tangazo hakimo: kiasi cha prosesa na memori unachoruhusiwa, idadi ya mafaili, na idadi ya maombi (kila mteja anapofungua ukurasa ni ombi) yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoua maduka. Ukurasa wa "kuhusu sisi" seva inaweza kuutoa ukiwa umeshaandaliwa, hata kwa watu elfu. Kikapu na ukurasa wa malipo hapana, kwa sababu kila mnunuzi ana kikapu chake, na kila akibonyeza, PHP (lugha ya programu inayoandaa kurasa) na hifadhidata (ghala la taarifa za duka) vinaanza kazi upya. Kwenye seva nyingi za pamoja maombi ya namna hiyo yana kikomo cha 20 au karibu na hapo. Watumie wateja 500 tangazo la punguzo saa mbili usiku uone. Wa mwanzo watanunua. Wanaofuata watakuta ukurasa mweupe wenye namba 508, yaani kikomo kimefikiwa, watafunga simu, na wengi hawatarudi. Diski wakati huo haijajaa hata robo.

Kwa hiyo muulize muuzaji vikomo hivyo, akupe kwa maandishi. Kampuni ya kweli inavyo na haioni haya kuvitaja. Anayekujibu "usijali, ni bila kikomo" ni dalali tu, hajui anachouza. Muulize pia bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Akikuahidi tovuti itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, ujue hiyo inaruhusu kuzimika dakika 43 kila mwezi, na fidia yake kwa kawaida ni punguzo la ada, si mauzo uliyoyakosa.

Lakini katika swali lako kuna maneno mawili uliyoyapita haraka, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike: "domeni bure" na "atashughulikia yeye".

Mwenye domeni ni yule ambaye jina na barua pepe yake viko kwa msajili, yaani kampuni inayosajili domeni. Siyo aliyetoa pesa, wala ambaye nembo yake iko juu ya ukurasa. Niliwahi kuitwa na mama mmoja ambaye duka lake lilikuwa limezimika siku ya tatu na simu ya fundi haipatikani. Tukafungua ukurasa wa msajili, tukabonyeza "nimesahau nenosiri". Ukaja ujumbe kwamba maelekezo yametumwa kwenye barua pepe, herufi za katikati zimefichwa kwa nyota, lakini ya kwanza na ya mwisho zinaonekana. Hazikuwa zake. Alikaa kimya, kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo hili jina si langu?" Alikuwa amelichapisha kwenye mifuko, lebo na risiti.

Hostingi mbovu unaihama. Faili zako unazibeba, hifadhidata unaibeba, unaielekeza domeni kwenye seva mpya, basi. Domeni iliyo mikononi mwa mtu mwingine huihami bila yeye kukubali kuifungua na kukupa msimbo wa kuhamishia. Asipoilipia ikaisha, baada ya muda wa kuikomboa kupita, yeyote duniani anaweza kuisajili. Fundi anayesajili domeni ya mteja kwa jina lake akaita zawadi anamfunga kamba mteja wake. Hata kama hana nia mbaya, siku akiugua au akiacha kazi, biashara inazama naye. Mimi ni fundi pia, na sioni kisingizio cha jambo hili: kumfungulia mteja akaunti yake mwenyewe hakuchukui hata dakika kumi.

Bakapu, yaani nakala ya akiba, nayo vivyo hivyo. "Kampuni inaweka" si jibu. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha seva cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja ambao nakala zao zilikuwa palepale penye tovuti zao. Zilikwenda pamoja. Nakala yako, ya mafaili na ya hifadhidata, ikae nje ya kampuni ya hostingi, na angalau mara moja jaribu kuirudisha mahali pengine uone kama duka linafunguka.

Kwa hiyo domeni isajili wewe, kwa barua pepe yako, na barua pepe hiyo isiwe inayotegemea domeni hiyohiyo. Hostingi lipia kwa jina lako, kisha mfungulie fundi akaunti ya pembeni unayoweza kuifunga. Akikataa masharti hayo, usimlipe.

Nanyi wengine ambao maduka yenu yalishafunguliwa, nendeni leo kwa msajili wa domeni zenu, mbonyeze "nimesahau nenosiri", halafu muangalie ujumbe unaingia kwenye simu ya nani.