Kabla hujakata nywele za mtu Geita eti unapima zebaki

Wadogo zangu wa masters, hii ni kwenu. Kila msimu naletewa proposo zinazofanana, "tutapima zebaki kwenye nywele za wachimbaji wadogo", ukiuliza kwa nini nywele unajibiwa ni rahisi kubeba na hazihitaji friji. Kweli ni rahisi, ila zinajibu swali lingine kabisa.

Nywele zinaonyesha zaidi methili zebaki, ile inayoingia mwilini kwa kula samaki. Jamaa anayechoma dhahabu iliyoshikana na zebaki pale mwaloni, wanapochenjulia, anavuta mvuke wa zebaki, na huo unauona kwenye mkojo. Sasa huyo jamaa kama kila jioni anakula sangara na umekuta namba kubwa kwenye nywele zake, umepima machimbo au umepima mboga? Halafu mvuke wenyewe unaganda kwenye nywele kwa nje, hata maabara wakiziosha hautoki wote. Mimi ushauri wangu mchomaji mpime mkojo, nywele waachie kina mama wajawazito wanaokula samaki, na kama hela ipo pima vyote kwa watu walewale uone vinavyopishana.

Ukiamua nywele, kata kisogoni karibu kabisa na ngozi, funga uzi upande wa mzizi maana sentimita moja ni kama mwezi mmoja wa maisha ya mtu, ukichanganya pande umepoteza kalenda yote. Vijana wengi wa machimboni wananyoa kipara, wadada wana rasta, usipokuwa makini unapeleka maabara nywele za dukani. Na dawa ya nywele uliza, inaweza kuvuruga namba.

Mkojo nao una mambo yake. Mtu ameshinda duarani, yaani shimoni, anatoka jasho, maji hajanywa, mkojo unakuwa mzito na zebaki inaonekana imepanda wakati haijapanda, ndo maana lazima upime na kreatinini, taka ya misuli inayokuonyesha mkojo umekolea kiasi gani. Usichukulie sampuli pale karashani kwenye mashine za kusaga mawe, mikono ina vumbi, wapeleke zahanati wanawe kwanza. Weka maji safi ya maabara kwenye vikopo vichache, zunguka navyo fildi nzima kisha vipeleke pamoja na vingine bila kuwaambia maabara, na mkojo wa mtu mmoja ugawe mara mbili uupe namba tofauti. Maji yakirudi na zebaki, au mkojo uleule ukarudi na majibu mawili yanayopishana sana, simama hapohapo. Fanya hivyo kwenye majaribio, sio baada ya kumaliza hela za wafadhili.

Ishu ambayo wengi hawaiwazi ni mkorogo. Miaka ya 1990 watafiti waliopima nywele huku Kanda ya Ziwa walikuta watu wachache wenye namba za kutisha, kufuatilia wakashuku sabuni za kujichubua zenye zebaki, sio dhahabu. Usiandike kwenye dodoso "je, unajichubua?", nani atakujibu ndiyo mbele ya jirani yake? Sema "dada naomba nione sabuni na losheni mnazotumia hapa nyumbani", piga picha lebo, yameisha.

Na jiandae kwa maswali. Kuna mama alinishika mkono mkasi ukiwa hewani akaniuliza, "mwanangu, nywele zangu zikishapimwa zinaishia wapi?" Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hakimjibu huyo. Nilimwonyesha bahasha yenye namba badala ya jina, nikamwambia zinateketezwa maabara na mwenyekiti wa kitongoji ataletewa karatasi ya kuthibitisha. Akakubali, ila alitaka akate mwenyewe, nikampa mkasi.

Kuwarudishia watu majibu ya vipimo kupangie bajeti toka mwanzo. Viwango vya Wajerumani ndo vinatumika sana kwa mkojo: chini ya mikrogramu 5 kwa gramu ya kreatinini hamna presha, kati ya 5 na 20 rudia kupima na utafute inatoka wapi, juu ya 20 mtu anatakiwa daktari na apunguze kuchoma. Mwili unatoa nusu ya zebaki hiyo kwa takriban miezi miwili, kwahiyo ukimwambia mtu aache kuchomea ndani karibu na watoto, rudi baada ya hapo umpime tena, na nauli ya kurudi uiandike kwenye proposo sasa hivi maana baadaye hakuna atakayekupa.