Usidharau Kupaka Rangi: Somo Kutoka Kyoto Animation

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anapaka rangi katuni za kampuni nyingine, jina lake halionekani popote, na sasa anataka kuacha kazi afungue studio yake. Namjibu hapa kwa sababu wengi wetu tunayo ndoto hiyo.

Mimi nami nilipaka rangi katuni za matangazo kwa miaka mingi. Mkurugenzi mmoja alitamka mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu hata mtoto angeiweza, na neno lile linaniuma hadi leo. Kilichonipa nguvu ni historia ya Kyoto Animation ya Japani. Ilianza mwaka 1981, pale Yoko Hatta, aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Mushi Production, alipowakusanya akina mama majirani zake wapake rangi michoro ya studio nyingine. Kwa takriban miaka ishirini walihudumia hadithi za wengine, na mfululizo wa kwanza wa televisheni walioutengeneza wenyewe ulitoka mwaka 2003 tu.

Wachoraji wengi wa anime, yaani katuni za Kijapani, hulipwa kwa idadi ya michoro, kwa hiyo anayechora kwa utulivu ndiye anayeumia. Kyoto Animation iliwaajiri wachoraji wake kwa mshahara na ikaanzisha mafunzo yake yenyewe. Naoko Yamada aliingia pale akichora picha za katikati, zile zinazounganisha mkao mmoja na unaofuata. Mwaka 2009 aliongoza mfululizo wa televisheni wa K-On!, na mwaka 2016 A Silent Voice, filamu ambayo majuto ya mvulana aliyemwonea msichana kiziwi husomeka miguuni na mikononi kabla ya kufika usoni. Tarehe 18 Julai 2019 mtu aliichoma moto studio hiyo na watu 36 wakafariki, akiwemo mwongozaji wa mfululizo ule wa 2003, Yasuhiro Takemoto. Hata hivyo filamu ya studio hiyo, Violet Evergarden, ilikamilika na kuonyeshwa Septemba 2020.

Nami karakanani kwangu nilianza na wanagenzi, nikawalipa kila mwisho wa mwezi, na sasa tumemaliza filamu fupi yetu wenyewe, ambayo ninajivunia sana. Basi, ndugu yangu, baki hapo ulipo mpaka uweze kumfundisha mwingine kazi hiyo ya rangi, na utakapofungua studio, tenga mshahara wake kabla ya kununua kompyuta mpya.