Treni Ndogo Ikigoma Kutembea, Mota Iache Hapo Ilipo

Kijana mmoja wa Njiro, Arusha, ameniandikia wiki hii. Kapata kichwa cha treni ndogo ya umeme, saizi iitwayo HO (ndogo mara 87 kuliko treni halisi), kwenye mitumba ya vitu vya watoto, na kinamtesa: kinakwenda kidogo, kinasimama, akikisukuma kwa kidole kinaondoka tena. Anataka nimwelekeze namna ya kufungua mota. Mdogo wangu, mota iache hapo ilipo.

Kichwa kinachoondoka kikisukumwa, mota yake kwa kawaida ni nzima. Umeme ndio haufiki. Unatoka kwenye reli mbili, unapanda kwa magurudumu, unapita kwenye vibati vyembamba vinavyoyagusa magurudumu kwa nyuma, ndipo unaingia kwenye mota. Ni volti 12 tu. Vumbi la huku kwetu likishachanganyika na oili kuukuu linageuka utandu mweusi, na utandu huo unatosha kuukata. Safisha. Chukua vijiti vya pamba na spiriti ya duka la dawa, sugua gurudumu moja moja mpaka kijiti kitoke cheupe. Ukimaliza, safisha vile vibati, kisha reli zenyewe. Msasa usiuguse, unaacha mikwaruzo na mikwaruzo ndiyo inayoshika uchafu. Kama ndani hakuna kadi ya dijitali, yaani kile kibao cha elektroniki kinachoongoza mota, gusisha betri ya volti 9 kwenye nyaya mbili za mota. Ikizunguka, rudi ukasafishe tena.

Halafu mota za zamani ukizichomoa rota, ile sehemu ya kati inayozunguka, sumaku hupungua nguvu. Ukiirudishia inakula umeme mwingi na kuchemka.

Nasema haya kwa uchungu, maana kichwa changu cha dizeli nusura kifie mikononi mwa mtu. Nilimpelekea fundi redio mmoja hapa Moshi mjini. Njoo kesho, njoo keshokutwa, mwisho kikarudi kimekatwa waya na maneno juu: "Mzee, hiki kimekufa, kamnunulie mtoto kingine." Mtoto! Na baba mdogo alishawahi kunisema mbele ya watu, kwenye sherehe ya kipaimara, eti mtu mzima nachezea gari moshi. Bado inaniuma, sifichi.

Nikaunga ule waya, nikakaa nacho mezani. Kilikuwa na mlio: tik, kimya, tik, mara moja kila gurudumu lilipomaliza mzunguko. Nikakigeuza chali, nikafungua kifuniko cha chini, nikamulika kwa tochi ya simu huku nikizungusha ekseli polepole kwa ukucha. Giya ya plastiki ilikuwa imepasuka katikati ya meno mawili, ufa mwembamba kama unywele. Plastiki ikizeeka husinyaa, ekseli ya chuma haisinyai, basi giya inapasuka. Penye ufa meno yanaachana, na kila yakifika kwenye giya ya juu yanagonga. Gundi haishiki, plastiki ile ina utelezi. Nilichomoa giya kwenye kichwa kingine cha aina hiyohiyo kilichoungua mota, nikaipachika, mlio ukaisha. Jumamosi iliyopita kimevuta mabehewa yote niliyo nayo bila kusita. Kile walichosema kimekufa.

Ndiyo maana nawasihi vijana wangu, msitupe kitu. Kichwa kibovu ni duka la spea. Siku hizi kitu kikikwama dakika mbili mtu anaulizia kipya. Kaa nacho. Kisafishe, kisikilize, kisafishe tena.

Na kikishapona, usikiache na rangi za kampuni ya Marekani. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, Arusha 1929; historia tunayo. Changu nimekipaka damu ya mzee, rangi ya vichwa vya East African Railways, na ubavuni nimeandika Shengena, mlima wa kwetu Upareni. Hilo lilikuwa jina la Garratt, kichwa kikubwa cha mvuke, namba 5930, mojawapo ya zile 34 za daraja la 59 zilizobeba majina ya milima ya Afrika Mashariki. Watu wa Arusha mna Gelai, namba 5918. Zote mbili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na mwenye nafasi aende akazione.

Upana wa reli usikusumbue kwa sasa. HO ni 1:87 na reli yake ni milimita 16.5, inayolingana na SGR. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, na kwa kipimo hicho inataka milimita 12, ile inayoitwa HOm. Hiyo utaitafuta baadaye.

Rangi ya kupuliza ya magari ijaribu kwanza upande wa ndani wa bodi, maana nyingine huyeyusha plastiki. Puliza nyepesi, iache ikauke, puliza tena. Stika za namba zibandike rangi ikishakauka kabisa.