Barua kwa mwanangu Zuhura: vitu vilivyo juu ya meza ya mwenzako

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Picha zako zimefika, nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Swali lako ni fupi: binti unayepanga naye hapo Leeds, Uingereza, amekwambia waziwazi kuwa ni mfuasi wa Wicca, ile dini ya hao wanaojiita wachawi, chumbani kwake ameweka meza yenye kisu, kikombe, fimbo, kisahani chenye nyota na chetezo, na wewe unataka kujua kama uhame. Nitafika huko. Kwanza tuvitazame vitu vyenyewe, maana mimi nimekula ukarani wa mahakama mpaka nikastaafu, nimepokea vielelezo vya kila namna, na nimeona watu wakiingia matatani kwa vitu ambavyo hakuna aliyejisumbua kuuliza kazi yake.

Kisu hicho cha mpini mweusi wanakiita athame. Kina makali pande mbili, ila mara nyingi huachwa butu, kwa sababu hakikati kitu. Mwenye nacho hukinyoosha mbele yake na kuchora duara hewani, na ibada hufanyika ndani ya duara hilo. Kukata majani ya dawa kuna kisu kingine, cha mpini mweupe, nacho sikukiona pichani. Kikombe kinasimamia maji, upande wa magharibi. Kisahani chenye nyota ya pembe tano kinasimamia ardhi, kaskazini. Kisu na fimbo vimegawana moto na hewa, na hapo wenyewe hawajakubaliana mpaka leo: wengine wanakipa kisu moto na fimbo hewa, wengine kinyume. Katika ibada yao kubwa ncha ya kisu huteremshwa ndani ya kikombe, kuonyesha mume na mke wanavyokutana. Ufagio wa fito ulioegemezwa mlangoni ni wa kusafisha mahali kabla hawajaanza, na baadhi yao wanaupitisha juujuu tu, sakafu hauigusi. Bibi yako Mwanakombo angewaelewa upesi, yeye aliyekuwa hataki kusikia mtu anafagia usiku.

Na ubani! Umeandika kuwa harufu ya chumba kile ilikukumbusha nyumbani, ukaogopa. Usiogope harufu, mwanangu. Ubani unatoka Somalia na Omani, umeuzwa pwani yetu tangu enzi za majahazi, na umefukizwa kwenye maulidi, kwenye vyumba vya wanawake waliojifungua, kwenye ngoma za pepo na makanisani vilevile. Hata visu vile viwili, cha mpini mweusi na cha mpini mweupe, vimo katika kitabu cha kale cha uganga cha Ulaya kinachonasibishwa na Nabii Suleiman. Huyohuyo Suleiman ambaye khatamu yake waganga wetu wanaichora ndani ya hirizi.

Aliyeivumisha dini hiyo ni Mwingereza Gerald Gardner, aliyezaliwa 1884. Alikuwa afisa wa forodha huko Malaya, akakusanya majambia ya Kimalay yaitwayo keris, akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1936. Mtu wa namna hiyo akishika uongozi wa ibada, ajabu gani kisu kikikaa katikati ya meza? Kwao Uingereza kulikuwa na sheria ya mwaka 1735 iliyowaadhibu wanaodai kuwa na nguvu za uchawi. Ilifutwa 1951, na 1954 Gardner akatoa kitabu kuhusu wachawi wa leo, hadharani, bila kujificha. Alifariki 1964 akiwa safarini melini, akazikwa Tunis.

Sasa hapa ndipo hasira hunipanda. Waingereza haohao walitutungia sheria ya uchawi Tanganyika mwaka 1928, na wakati kwao wanaifuta yao, yetu waliiacha ilivyo. Tulipojitawala nasi tukaibeba. Ndani yake, kuwa na zana ya uchawi tu ni kosa, na zana yenyewe ni kitu chochote kinachodaiwa kuwa na nguvu ya kumdhuru mtu, kumzuia shughuli yake halali au kumtia hofu. Hebu soma tena hapo: kinachodaiwa. Anayedai ni nani? Meza ya mwenzako ingekuwa Pangani wakati wangu, mtu angeweza kuikusanya yote ndani ya gunia na kuniletea niibandike namba.

Mnalijua neno langu, wewe na kaka zako mnalirudia kwa sauti yangu nikiwa sipo: muulize mwenye kitu, usikiulize kitu. Mnadhani nililitoa mahakamani. Nililipata uwanjani, nikiwa mtoto, siku walipouchoma mkoba wa uganga wa shangazi.

Mnajua tu kwamba ulichomwa. Masika yalikuwa yamekawia na surua ilikuwa imechukua watoto kijijini. Wakubwa wakamwita mtu kutoka mbali aje asafishe kijiji. Nyumba zikapekuliwa, na ya shangazi ikawa ya kwanza, kwa sababu kila mtu alijua ana mkoba. Ukamwagwa juu ya mkeka. Yule mtu akawa anainua kimoja kimoja na kuuliza watu, "Hiki nini?" Akainua usinga, akajijibu mwenyewe kwamba ndio anaopandia usiku. Akainua tunguri, akasema humo mna watoto wenu. Mlikuwa na unga wa mizizi na asali, mimi mwenyewe nilishalambishwa. Akainua sahani nyeupe, ile shangazi aliyoandikia kombe, yaani aya za Kurani, kwa zafarani, akaiosha kwa marashi ya mawaridi, nikanywa nilipolala na homa. Kisha akainua wembe na uzi.

Uzi, Zuhura! Uzi wa kufungia kitovu. Nusu ya waliokuwa wanapiga makofi pale vitovu vyao vilifungwa kwa mikono ya mwanamke yule, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema, huo ni uzi tu. Shangazi amesimama hatua chache, kanga imekazwa kiunoni, na yule mtu anauliza kila kiumbe isipokuwa yeye. Wakamwaga mafuta ya taa. Nimezeeka, na jambo lile bado linanikaa kooni.

Unajua alichofanya baadaye? Hakuacha kazi, wala hakushona mkoba mwingine. Akiitwa kwa mwanamke anayejifungua anakwenda mikono mitupu, anasimama mlangoni na kusema, "Nipe sahani yako. Nipe wembe wako. Nipe uzi wako." Kama ni zana ya uchawi, basi imetoka kabatini mwako. Nilipokwenda naye mara ya kwanza nikamwona mwenye nyumba anavyohangaika kutafuta uzi, nilifurahi mpaka nikatoka nje nicheke. Kazi haikupungua nguvu hata kidogo. Nasikia hata hao wa Wicca wapo wanaosema hivyohivyo, kwamba kisu cha jikoni na kikombe cha chai vinatosha, na zana za kununua madukani ni mapambo.

Lakini nisikudanganye kwa neno langu mwenyewe. Nimefungua majalada pia ambayo yalinikosesha usingizi. Unakumbuka miaka ile ndugu zetu wenye ualbino walipowindwa, baba yako mdogo akamtoa binti yake shule ya mbali na kumrudisha nyumbani. Kiungo cha mtu kikikutwa ndani ya kibuyu, utamuuliza nini mwenye kibuyu? Kitu hicho kimeshasema. Kwa hiyo neno langu lina ukuta wake: kitu kilichopatikana kwa kumuumiza kiumbe hakihitaji mtafsiri. Mchana nasema hapo ndipo mpaka ulipo, basi. Usiku najiuliza: mwanzoni yule mtu wa uwanjani naye hakuwa na hakika kama yangu? Alisema tunguri ina watoto ndani. Tofauti ni kwamba hakuifungua. Naam, hakuifungua. Hapo nasimama.

Kwenye meza ya binti yule mimi sijaona kitu kilichomuumiza mtu. Nimeona bati, mbao, kioo na kisu butu. Wengi wao wana kanuni kwamba mtu afanye apendalo ilimradi hamdhuru mwingine, na ungemuuliza kama yeye anaifuata. Muulize pia kisu amekipata wapi, nani alimfundisha, na kama kuna siku jina lako limetajwa ndani ya duara lake bila wewe kujua. Hilo la mwisho lina uzito kwangu kuliko fimbo na nyota zote. Muulize mkiwa mnakula, kwa upole, usiende kama mpelelezi.

Suala la shirki kamuulize shehe wa msikiti wako, si mimi. Mashehe wenyewe wamebishana juu ya kombe tangu sijazaliwa, nami nililinywa nikapona, kwa hiyo ushahidi wangu una upande.

Kuhusu kuhama: ulimi unaniwasha kusema, na ukinisikiliza vizuri utajua ninakoelekea. Lakini sijamwona huyo binti, sijasikia sauti yake, na nikitoa hukumu kwa picha nitakuwa nimeinua vitu juu ya mkeka. Nipigie ukishazungumza naye. Mama yako hana subira hiyo. Yeye ameshasema uhame leo kabla ya magharibi na amenikasirikia kwa kuandika kurasa zote hizi bila kuliweka neno hilo. Nimemwambia aandike barua yake.

Baba yako