Maswali ya wasomaji: Kutu kwanza, rangi mwisho

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba ameniachia Alfa Romeo Giulia Super ya 1967. Imekaa chini ya turubai miaka mingi bila kuwashwa. Kwa mbali inapendeza, ila rangi imepauka na kuna malengelenge chini ya milango. Fundi niliyemwita anasema tupige rangi kwanza gari lipate sura, kisha tutoe injini tuweke ya gari la kisasa, maana za Kiitaliano zinasumbua. Nianzie wapi?
Mrithi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzazi. Mimi mwenyewe nina Giulia Super, na ndiyo gari ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuendesha. Kwa hiyo nianze na ombi: injini hiyo usiitoe.

Giulia ilizinduliwa Monza mwaka 1962, na Super ikafuata 1965. Wakati huo magari mengi ya familia yalikuwa na gia nne na bloku nzito ya chuma. Hii ilikuja na injini ya sentimita za ujazo 1,570, bloku na hedi vyote vya aluminiamu, kemshafti mbili (shafti zinazofungua vali) juu ya hedi, na gia tano. Polisi wa Italia waliitumia kufukuzia wahalifu. Ukiing'oa injini hiyo unabaki na bodi nzuri tu, na mtu yeyote anayezijua gari hizi ataligundua hilo kabla hujafungua boneti, kwa mlio. Sifa ya usumbufu, kwa nilivyoona, imeletwa zaidi na kufunguliwa ovyo na watu wasiozijua.

Sasa hayo malengelenge. Chini ya milango kuna boksi ndefu za bati, na kutu yake huanzia ndani, ambako rangi haifiki. Ukiiona nje ujue ndani imekwisha kula sana. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa chepesi isikwaruze, uipitishe taratibu kuanzia chini ya mlango wa mbele hadi kwenye tairi la nyuma. Mahali inapolegea au kudondoka, chini ya rangi hakuna bati, kuna puti. Kisha ingia chini na bisbisi, uchokoe sakafu, sehemu za kuwekea jeki, na shimo la tairi la akiba ndani ya buti. Angalia pia chini ya kioo cha mbele, maji hupenda kutuama pale.

Hili fundi wako alisikie vizuri: Giulia haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo chesisi. Hizo boksi za chini ya milango zimebeba gari zima. Kabla hazijakatwa, vyuma vya kushikilia vichomelewe kwenye nafasi za milango, na upande mmoja umalizike ndipo mwingine uguswe. Bila hivyo bodi inajipinda katikati, na hapo hakuna mlango utakaofunga tena sawasawa. Nimeona gari zuri likiharibiwa hivyo na limepigwa rangi ya kung'aa juu yake. Iliniuma.

Rangi ije mwisho kabisa, na wala usihangaike kuichagua leo. Fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na abiria, utaona namba ya bodi imegongwa pale. Super ya miaka hiyo huanza na 105.26 (105.28 ikiwa ya usukani wa kulia), na namba ya injini yake huanza na 00526. Zikiwa hivyo, una gari lenye injini ya aina yake. Kituo cha nyaraka cha Alfa Romeo kule Arese, karibu na Milan, hutoa cheti cha asili kwa kufuata namba ya bodi, kikitaja gari lilitengenezwa lini na lilitoka kiwandani na rangi gani. Subiri cheti hicho.

Injini usiipige stata kwa betri ya kuazima, hata ukishawishiwa vipi. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale usiku. Asubuhi weka gia nyutro, uizungushe kwa mkono kwa spana kwenye nati ya krenki. Ikizunguka bila kukwama, badilisha oili na filta, mwaga petroli yote ya zamani, safisha tangi, halafu izungushwe kwa stata plagi zikiwa bado nje mpaka geji ya oili ipande. Ndipo urudishe plagi na kuwasha.

Ikishawaka, mambo mawili yatazame kwa makini. La kwanza ni gasketi ya hedi. Injini hii ina vipete vya mpira vinavyoziba njia za oili kati ya bloku na hedi, na mpira ukizeeka hukakamaa, oili ikapenya kwenye maji. Injini ikipoa kabisa fungua rejeta: ukiona utando mzito wenye mafuta juu ya maji, hedi itatoka. Na maji ya bomba matupu usiweke humo, weka dawa ya rejeta yenye kinga ya kutu, kwa sababu maji yanagusa aluminiamu na silinda za chuma kwa pamoja.

La pili, kabureta. Zimeshikiliwa kwenye injini na vikalio vyenye mpira, na mpira huo hupasuka upande wa chini, usikoonekana. Injini inavuta hewa ya wizi, mngurumo unapanda na kushuka gari likiwa limesimama, inapiga chafya kwenye kabureta, na fundi anashinda akikorokochoa skrubu za kabureta zisizo na hatia. Shika kabureta kwa mkono, zisukume chini taratibu, mulika tochi kwa chini. Ufa utajifungua mbele ya macho yako. Spea zake bado zinatengenezwa.

Breki: mipira yote ibadilishwe kabla gari halijasogea hata hatua moja, hata kama kwa nje inaonekana mizima. Na siku utakayoiendesha, gia ya pili usiikimbize oili ikiwa bado baridi. Sinkronaiza yake, kile kifaa kinachosawazisha mizunguko ili gia iingie bila kukwaruza, ndiyo sehemu dhaifu ya gia boksi ile.

SWALI: Fiat 500 yangu ya 1968 inakwaruza kila ninaporudi kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Gia boksi imekufa?
Mwenye wasiwasi

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Fiat 500 iliyobuniwa na Dante Giacosa na kuanza kuuzwa 1957 haina sinkronaiza. Kanyaga klachi, toa gia uweke nyutro, achia klachi, gusa eksileta kidogo, kanyaga klachi tena ndipo uingize ya pili. Mguu ukizoea, itaingia kimyakimya. Ikiendelea kukwaruza hata ukifanya hivyo sawasawa, kagua klachi kama inaachia yote.

SWALI: Nina Fiat 124 Spider ninayoitoa Jumapili tu. Taimingi belti ina miaka kumi lakini gari halijaenda mbali. Nisubiri?
Dereva wa Jumapili

JIBU: Usisubiri, na Jumapili hii usiitoe. Injini ile ya Aurelio Lampredi ilikuwa miongoni mwa za kwanza zenye kemshafti mbili kuzungushwa kwa belti ya mpira, na mpira huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limesimama. Ikikatika, vali zinaweza kugongana na kupinda. Badilisha belti pamoja na beringi ya tenshena yake inayoikaza, na fundi ahakikishe alama za kemshafti zote mbili, ya krenki, na ya ile shafti ndogo ya pembeni zimekaa mahali pake. Hiyo ya pembeni wengi huipuuza, wakati kwenye baadhi ya injini hizi ikikaa vibaya inaweza kugongana na koneksheni rodi. Kabla hajafunga kava, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha azitazame alama upya.