Gharama za majaribio kiwandani na kodi: jibu kwa dada wa zabibu wa Mpunguzi

Mbukwenyi. Dada aliyeuliza juzi ana kiwanda kidogo cha kukausha zabibu Mpunguzi, hapa Dodoma. Misimu miwili anatafuta namna ya kukausha isiyoacha zabibu nyeusi zinazonata, bechi nne zimeshaharibika, na binamu yake aliyeko Marekani amemwambia kuwa serikali humrudishia mwenye kiwanda sehemu ya fedha za utafiti. Swali lake: Mamlaka ya Mapato (TRA) wana fomu gani ya kuombea hiyo krediti ya kodi, yaani punguzo linalotolewa kwenye kodi yenyewe? Mimi nakamua alizeti hapa Kizota, mwaka wa kumi na moja sasa. Jambo hili limeshanigharimu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Dada, fomu hiyo haipo kwa sababu krediti yenyewe kwetu haipo. Binamu yako hakukudanganya. Marekani wanayo tangu 1981, na inakatwa kwenye kodi yenyewe. Afrika Kusini wana njia nyingine: unakata asilimia 150 ya ulichotumia, ila mradi uwe umeshapata kibali cha serikali. Sisi tuna kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Hicho kinakuruhusu kukata kwenye mapato ya mwaka gharama za utafiti na maendeleo, yaani fedha ulizotumia kuendeleza biashara yako na kuboresha bidhaa au namna ya kuizalisha. Huombi kibali wala huandiki barua. Gharama zinaingia kwenye hesabu, hesabu zinaingia kwenye ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka unayopeleka TRA), basi.

Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida. Ukitumia milioni 10 kwenye majaribio yanayokubalika, faida inayotozwa kodi inapungua kwa milioni 10 na kodi inapungua kwa milioni 3. Zile 7 zimetoka mfukoni mwako na hazirudi. Mwaka ukiwa wa hasara hakuna anayekuletea fedha. Hasara inahamia mwaka unaofuata. Nakuomba usikope benki ukitegemea kurudishiwa, maana nimeona mtu akifanya hivyo.

Kabla ya yote, angalia unalipa kodi kwa mtindo gani. Hukusema kama una kampuni au unafanya kwa jina lako. Kama ni mtu binafsi, mauzo hayafiki milioni 100 kwa mwaka na unalipa ile kodi ya makadirio inayopigwa kwenye mauzo, basi kifungu cha 15 hakikugusi hata kidogo. Kodi yako haiangalii gharama, kwa hiyo hata ukiunguza bechi ishirini haibadiliki. Ili gharama zihesabiwe lazima uandae hesabu kamili za mwaka, na hizo zina gharama yake. Kaa na mhasibu mpige hesabu kwanza muone kama inalipa.

Utauliza: kama gharama za kawaida za biashara nazo zinakatwa, kifungu hiki kinaongeza nini? Kinaongeza kwa sababu sheria inaitazama gharama yenye faida inayodumu zaidi ya miezi kumi na miwili kama mtaji, na gharama ya mtaji huikati kwa mkupuo. Ukigundua leo namna nzuri ya kukausha zabibu utaitumia miaka kumi. Bila kifungu cha 15 mtu angeweza kukuambia huo ni mtaji. Kifungu kinaondoa hoja hiyo.

Ila hakigusi mashine. Hapa wengi tunachanganya. Kikaushio ulichonunua ni mali, hata kama ulikinunua kwa ajili ya majaribio tu. Kinaingia kwenye uchakavu, yaani gharama yake inakatwa kidogo kidogo kwa miaka. Mashine iliyofungwa kiwandani na inayozalisha bidhaa inapata nusu ya gharama yake mwaka wa kwanza wa kutumika, kisha iliyobaki inaliwa asilimia 25 ya salio kila mwaka. Si haba, lakini ni mstari mwingine kwenye hesabu. Zabibu ulizoharibu, kuni au umeme, vipimo vya maabara, siku za vibarua na ada ya mtaalamu aliyekuja kukuelekeza ndivyo vinavyoweza kukaa kwenye utafiti.

Sasa niseme yaliyonipata.

Mashudu yetu yalikuwa yakitoka na mafuta mengi mno. Ukiyaminya kiganjani yanang'aa, na kila mng'ao ule ni fedha inayokwenda kwa wafugaji kwa bei ya mashudu. Fundi akashauri tubangue maganda yote kabla ya kukamua. Tukabangua. Mashine ikaanza kutoa kitu kama uji, kwa sababu bila maganda kiasi skrubu haina cha kushika na mafuta hayapati njia ya kutokea. Tukarudisha maganda kidogo kidogo, bechi kwa bechi. Tukaanza kukaanga mbegu kwanza ili unyevu upungue. Bechi moja ikaungua, mafuta yakatoka na rangi ya chai ya rangi na harufu ya moshi ambayo hakuna mama wa soko la Majengo angeikubali. Ilichukua wiki sita hadi tukapata kipimo cha maganda na joto ambacho tunakitumia mpaka leo.

Kwenye vitabu, wiki zile sita ziliingia kwa neno moja: matengenezo. Mhasibu aliniuliza niliitumia ile fedha wapi, nikamwambia tulikuwa tunarekebisha mashine. Ndivyo nilivyoliona mwenyewe.

Baada ya miaka miwili tukakaguliwa. Mkaguzi hakuanza na gharama. Alianza na stoo. Akachukua mbegu zilizoingia mwezi mmoja mmoja, akachukua mafuta yaliyotoka, akagawanya. Miezi yote uwiano ulikwenda sawa, isipokuwa miwili iliyoshuka vibaya. Akaniuliza kwa upole kabisa: mafuta ya mbegu hizi yako wapi?

Dada, fikiria swali hilo. Kwa mtu anayesoma vitabu, mbegu iliyoingia bila mafuta kutoka ni mafuta yaliyouzwa bila risiti. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi nilijua ziliungua, vibarua walijua, jirani wa godauni alijua kwa moshi. Karatasi hakuna. Tukakadiriwa mauzo ya mafuta ambayo hayakuwahi kuwepo, kodi juu yake, na riba juu ya kodi. Sheria inakupa siku 30 za kuweka pingamizi, lakini pingamizi halipokelewi hadi ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Mshauri wangu wa kodi akauliza swali moja tu: una nini mkononi? Sikuwa na kitu. Nililipa, na mwaka ule hatukufunga mashine ya pili tuliyokuwa tumeipanga.

Ndiyo maana kwako naona hatari kubwa zaidi ya kukosa krediti. Kilo moja ya zabibu kavu inatoka kwenye kilo nne hivi za zabibu mbichi. Bechi ya kilo 400 ilitakiwa ikupe kama kilo 100. Umeharibu bechi nne. Anayekagua ataziona zabibu zikiingia, ataona hakuna kilichouzwa, na atauliza lile swali la mkaguzi wangu. Kifungu cha 15 kinakupunguzia kodi, lakini maandishi yaleyale yanayothibitisha utafiti ndiyo yanayoeleza malighafi iliyopotea. Kwa mwenye kiwanda, mimi nalithamini hili la pili kuliko la kwanza.

Nunua kaunta buku. Nasisitiza kaunta buku, kwa sababu karatasi za kubandika zinapotea na simu zinaanguka. Andika siku ileile, kabla hamjaosha vyombo. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: bechi ya saba; mbegu kilo 300 kutoka stoo na namba ya hati yake; tunachotafuta: je, mbegu ikikaangwa zaidi mashudu yatapungua mafuta bila mafuta kubadilika rangi?; tulichobadilisha: muda wa kukaanga tu; walioshiriki: watu watatu, saa tano; matokeo: rangi imeharibika; yalikopelekwa: mafuta kwa mtengeneza sabuni, risiti imetolewa. Saini yangu na ya fundi. Hilo la yalikopelekwa lina uzito, kwa sababu kilichouzwa, hata kwa bei ya hasara, ni mapato na lazima kiandikwe. Zile zabibu ulizomwagia nguruwe, andika ulimwagia nguruwe, kilo ngapi, nani alishuhudia.

Wewe uandike pia aina ya zabibu, maana nadhani nusu ya tatizo lako iko hapo. Makutupora Red ina mbegu na ni zabibu ya mvinyo. Ukiikausha ukategemea itoke kama zile zisizo na mbegu za dukani utazidi kuhangaika. Kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kiko Makutupora, hapahapa Dodoma, na zabibu ndiyo kazi yao. Nenda na sampuli, pima sukari kabla ya kuvuna. Kila ushauri utakaopata andika tarehe na ulichofanya baada yake, kwa sababu kinachotofautisha jaribio na uharibifu ni kwamba kulikuwa na swali na ulibadilisha kitu kimoja ukitafuta jibu lake.

Mengine kwa haraka. Ukimlipa mtaalamu mkazi kwa huduma, kata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo yake na uiwasilishe TRA, na udai risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi). Kama shirika fulani lilikupa fedha za majaribio, sehemu ile si gharama yako, usiikate. Matengenezo ya kawaida na vipimo vya kila mwaka vya kulinda alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) viache kwenye gharama za kawaida. Ukivibatiza utafiti unamfanya msomaji atilie shaka hata kilicho kweli. Na vibarua wasiandikwe wote kwenye utafiti kwa mwezi mzima ikiwa walijaribu siku nne. Nyaraka zote zitunze miaka mitano.

Kwa bechi zile nne zilizopita, usitunge daftari la kurudisha nyuma tarehe. Andika maelezo kwa tarehe ya leo, ukisema kuwa unaandika leo, ambatanisha picha zilizo kwenye simu, hati za kununulia zabibu na majina ya waliokuwepo, kisha mpe mhasibu kabla hajafunga ritani. Inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wako wa hesabu kuisha. Msimu wa Agosti ukianza, anza na bechi ndogo ya kilo 40 badala ya 400, na ukishaandika ukurasa wa kwanza uweke picha yake hapa nikuangalizie.